Tandiko la kwanza la viraka: kuanza kushona mfarishi kwa leso kuukuu

Julai ikifika na upepo wa kusi ukivuma usiku, ndipo sisi wa Mombasa tunapokumbuka kujifunika. Blanketi linatia jasho, shuka peke yake halitoshi. Usiku kama huo unafaa mfarishi mwembamba: juu viraka vilivyoungwa, katikati kitambaa laini, chini leso (kanga) nzima, na matabaka yote matatu yameshikwa kwa mshono ili yasihame.

Mimi nilianza kushona mifarishi baada ya matanga ya bibi yangu. Sandukuni aliacha leso thelathini na kitu, nyingine hazijakatwa bado, nyingine zimevaliwa hata rangi imefifia. Mpya tuligawana. Zile kuukuu hakuna aliyezitaka kuvaa, wala aliyekuwa na moyo wa kuzifanya matambara ya kupigia deki. Nikazichukua mimi. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyakosa siku ile nilipokaa sakafuni na mkasi mkononi, leso zimenizunguka, sijui nianzie wapi.

Kazi ya kwanza iwe tandiko la mtoto, la yadi moja kwa yadi moja, yaani inchi 36 kila upande. Usianze na mfarishi wa kitanda kizima. Nimeona wengi wakianza na kikubwa, wakachoka viraka vikiwa nusu, na fuko likaishia juu ya kabati. Tandiko unaweza kulimaliza kwa wiki mbili ukishona jioni jioni, na kila utakachojifunza humo ndicho hicho hicho utakachohitaji kwenye mfarishi mkubwa.

Vifaa

Huhitaji vingi. Mkasi wa nguo usiokata karatasi kamwe, rula ndefu ya inchi 18 au 24, chaki ya fundi, uzi wa pamba, pini za kichwa, pini za nepi kama arobaini, pasi na cherehani. Cherehani ile nyeusi ya kukanyaga inatosha kabisa, na ndiyo ninayoitumia mimi. Inapiga mshono mmoja tu ulionyooka, na tandiko hili halitaki mshono mwingine. Umeme ukikatika, kazi inaendelea. Tia sindano mpya, namba 14. Sindano butu huvuta nyuzi za leso zikaacha mistari isiyoondoka hata ukipiga pasi.

Kuchagua vitambaa

Hapa ndipo penye nusu ya kazi, kwa hiyo usipapitie haraka.

Leso ya pamba ni kitambaa kizuri mno kwa anayeanza. Haitelezi, inashika mkunjo wa pasi, na ukiichana kwa mkono inafuata uzi ikanyooka. Moja ina upana wa karibu inchi 42 na urefu wa karibu inchi 60. Tandiko letu linataka leso tatu: mbili za viraka, ya tatu ya mgongo na utepe wa ukingoni. Kama huna za zamani, Biashara Street utapata doti kwa doti, nawe una nafasi ya kuzishika na kuzikunjua kabla ya kununua. Mafundi wa nguo nao huwa na mabaki. Omba vipande vya kanzu: vile vyeupe hupumzisha macho kati ya leso zenye maua mengi. Mitumba ya Kongowea ina mashati ya pamba ya wanaume, na mgongo wa shati moja hutoa viraka vingi kuliko unavyodhani.

Kitenge kinafaa kama ni pamba. Kujua, chukua uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua ikanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni nailoni au poliesta, iache. Vitambaa vya dera na buibui viache pia kwa sasa, hata kama rangi zake zinakuvutia. Vinateleza chini ya sindano, na mraba uliokata vizuri unakuwa pembetatu mbele ya macho yako. Kikoi ni kizito kwa viraka vidogo, ila siku utakayoshona mfarishi mkubwa kitakufaa kwa mgongo.

Kabla ya kukata leso yoyote, isome jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Tandiko litawekwa chini, litakanyagwa, mtoto atalikojolea. Leso iliyoandikwa jina la Mwenyezi Mungu au dua, maneno yale yasiingie humo. Kata mji (sehemu ya kati) na pindo (mpaka wake wa kuzunguka), kipande cha jina ukihifadhi mbali. Zile za mafumbo na vijembe pia zitazame mara mbili, maana mama wa mtoto anajua kusoma. Na ukikuta leso ya zamani yenye maneno "K.H.E. Mali ya Abdulla", fikiri kwanza. Hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la papa hapa Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Leso yake iliyokaa muda mrefu ina thamani ikiwa nzima.

Tabaka la katikati ndilo linalotutenga na watu wa nchi za baridi. Wao hutia pamba nene iliyotandazwa, nao wana haki, theluji iko mlangoni. Kwetu tabaka nene halikauki upesi, na kitu kisichokauka Mombasa huota ukungu. Mimi hutumia shuka kuukuu la pamba au blanketi jepesi la mtoto lililofuliwa mara nyingi hata likalainika. Sufi ya mito usiitie, hata kama unayo bure. Inatambaa ndani, na ikifuliwa mara moja inajikusanya madonge.

Fua kwanza, kila kitu

Leso mpya ina kanji. Ukiikata na kanji yake, ikaja kufuliwa ikiwa imeshashonwa, itanywea na kuvuta viraka vya jirani. Basi fua kwa maji ya uvuguvugu, ikauke, ndipo upige pasi.

Na fua kwa sababu ya rangi. Mfarishi wangu wa kwanza niliushona kwa kisutu cha bibi, leso ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambacho hakijawahi kuguswa na maji, nikakipanga na vipande vyeupe vya kanzu. Kilipendeza. Siku ya kuufua nikautoa kwenye beseni, kila mraba mweupe umekuwa waridi, na ule ulio karibu na pindo la kisutu ukawa mwekundu kama umemwagikiwa. Nililia, si kwa sababu ya kazi tu, bali kwa sababu kisutu kile hakina cha pili.

Kwa hiyo nyekundu, nyeusi na buluu iliyokoza kila moja ifuliwe peke yake, mara tatu au nne, mpaka maji yatoke meupe. Chumvi na siki watu wanaviamini. Nimejaribu vyote viwili na rangi ikaendelea kutoka, kilichosaidia ni maji mengi tu. Mwisho fanya jaribio hili: lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya leso, bonyeza kwa pasi ya moto, uhesabu mpaka kumi. Kikitoka cheupe, leso hiyo iko tayari. Kikitoka na doa, rudi kwenye beseni. Leso inayokataa kabisa kuacha, ishone na rangi zinazofanana nayo, usiiweke karibu na nyeupe.

Kukata

Tunataka miraba 36, safu sita za miraba sita. Kila mraba ukate inchi 6 na nusu. Ukishonwa utabaki inchi 6, kwa kuwa kila upande mshono unakula robo inchi.

Tengeneza kipimo kigumu. Kadibodi inafaa, lakini kingo zake hulika baada ya miraba kumi. Mimi hutumia picha kuukuu ya eksirei. Ipime inchi 6 na nusu kwa uangalifu wote ulio nao, kata, halafu chora msalaba katikati kwa kalamu isiyofutika. Kwa kuwa inaonyesha upande wa pili, unaweza kuitembeza juu ya leso mpaka chapa ya korosho au ua likae pale unapolitaka, ndipo uzungushie chaki. Kama hujali ua likae wapi, leso moja nzima itakutolea miraba 54, sita kwa upana na tisa kwa urefu. Ukichagua chagua, itatoa pungufu.

Kata ukifuata uzi wa kitambaa, mtande na mshindio, wala si chapa. Leso nyingi chapa yake imeenda upande kidogo. Ukiifuata, miraba inakatwa hanamu (mshazari), na kitambaa kilichokatwa hanamu kinavutika kama mpira.

Ukimaliza, panga miraba yote kitandani. Simama mlangoni uangalie. Kisha piga picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Hapo utaona mara moja kama giza limelundikana kona moja. Badilisha, piga tena. Usiku mmoja upite kabla hujakubali, macho ya asubuhi huona yasiyoonwa na ya jioni. Ukisharidhika, bandika kila mraba karatasi yenye namba ya safu na nafasi yake.

Robo inchi

Kama utashika jambo moja katika mwongozo huu, shika hili. Mshono wote uwe robo inchi, wa mwanzo hadi wa mwisho.

Sababu yake ni hesabu. Safu ya miraba sita ina mishono mitano. Ukizidisha thumuni ya inchi tu katika kila mshono, inaliwa pande zote mbili, yaani robo inchi kwa kila mshono. Mara tano, safu yako imepungua inchi moja na robo. Safu inayofuata ukishona vyema, haziwezi kukutana, na hakuna kuvuta wala kubembeleza kutakakoziokoa.

Weka rula chini ya sindano, shusha sindano kwa mkono mpaka iguse alama ya robo inchi, kisha bandika kipande cha plasta kwenye bati la cherehani ukingoni mwa rula. Huo ndio ukuta wako, kitambaa kitembee kikiugusa. Jaribu kwanza kwa vipande vitatu vyembamba, kila kimoja inchi 1 na nusu. Viunganishe, piga pasi, pima cha katikati. Kikiwa inchi moja kamili, endelea. La sivyo sogeza plasta kwa unywele mmoja, ujaribu tena. Mimi siku ya kwanza nilirudia mara sita, na sikujuta.

Kuunga

Weka mraba wa kwanza na wa pili uso kwa uso, tia pini, shona. Usikate uzi. Ingiza jozi inayofuata nyuma yake, na nyingine, zitatoka zimefuatana kama vibendera vya maulidi. Kata uzi mwishoni, utakuwa umeokoa uzi na muda.

Safu ikikamilika, piga pasi. Bonyeza, inua, bonyeza. Usiburute pasi, inatanua kitambaa. Mishono ya safu ya 1, 3 na 5 ilaze yote kulia, ya safu ya 2, 4 na 6 ilaze kushoto. Utakapoweka safu mbili uso kwa uso ili kuziunga, pitisha kidole kwenye makutano: utahisi vilima viwili vinaumana, kimoja kimeingia kwenye ubavu wa kingine. Tia pini hapo hapo. Ukifungua utaona pembe nne zimekutana pamoja sawasawa. Furaha ya kuona pembe hizo kwa mara ya kwanza ni kubwa kweli.

Zisipokutana kwa uzi mmoja au miwili, acha. Zikipishana kwa unene wa kidole, fumua. Kufumua ni sehemu ya ushonaji.

Kupanga matabaka

Kutoka leso ya tatu, chana kwanza vipande vitatu vya upana wa inchi 2 na nusu kwa urefu wake wote, uviweke kando kwa ajili ya utepe. Hapo leso inabaki na upana wa inchi 34 na kitu, ambao hautoshi mgongo. Basi kata mgongo hivi: kata kutoka urefu kipande cha inchi 40, na kile kilichobaki ukate kanda mbili, uziunge ncha kwa ncha zifike urefu wa inchi 40, uziongezee upande uliopungua, mpaka upate inchi 40 kwa 40. Mishono hiyo nyuma si aibu. Na kama una leso ya nne, itumie nzima, usijisumbue.

Fagia sakafu, ipanguse, ikauke. Tandaza mgongo, uso ukiangalia chini. Unyooshe bila kuuvuta, ubandike pembeni kwa plasta ili usihame. Juu yake weka tabaka la katikati, lifute kwa viganja kutoka kati kwenda nje. Juu kabisa weka viraka, uso juu. Anza pini za nepi katikati na uende nje, kila pini iachane na mwenzake kwa upana wa kiganja. Kama pini hazipo, piga bandi kubwa (mishono ya mkono ya kupita juu na chini) za uzi mweupe kutoka kati kwenda pembe zote, utazifumua baadaye. Hatua hii inachosha magoti na ndiyo watu wanayoiharakisha. Mikunjo yote utakayoiona nyuma ya tandiko likishakwisha imezaliwa hapa.

Kushona matabaka pamoja

Kwa cherehani, njia nyepesi ni mistari ya mshazari, kutoka pembe ya mraba hadi pembe, ukipita kila mraba. Alama zenyewe ni pembe za miraba, hivyo chaki ni ya kukusaidia tu. Anza na mstari mrefu wa katikati, kisha nenda kulia, kisha kushoto. Ni mistari 11, inaachana inchi 4 na kidogo, inatosha kabisa kushika shuka lililo ndani. Mishono iwe mirefu kidogo kuliko ya nguo, kama minane kwa inchi. Tabaka la juu hupenda kutangulia mbele ya mengine, kwa hiyo laza viganja pande mbili za sindano, kisukume kitambaa taratibu, toa pini kabla hujaifikia.

Usiye na cherehani usijione umeachwa. Bandi za mkono ni nzuri zaidi, kwa maoni yangu, na leso ikishonwa hivyo inakuwa na vijimawimbi vinavyopendeza kushika. Mishono mitano kwa inchi inatosha, muhimu ilingane. Vaa kastabani kidole cha kati. Fundo lifiche: ingiza sindano kando kidogo ya unapoanzia, vuta mpaka fundo litumbukie ndani kwa mlio mdogo.

Huko ng'ambo ya bahari yetu, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari Hindi zama za utumwa. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa sindano na uzi tu, kutoka nguo kuukuu. Hawaungi viraka kwanza kama tulivyofanya. Hutandaza kitambaa cha mgongo, huanzia ukingoni, hukunja ncha za kila kiraka na kukishona moja kwa moja kwa bandi, wakizunguka mpaka wakutane katikati. Kwenye pembe huweka vipembetatu vya kitambaa wanavyoviita phula, yaani maua. Nilipoziona picha za kazi hizo nilikaa kimya muda. Ukipenda, tandiko lako la pili lishone kwa njia yao.

Utepe wa ukingoni

Punguza kingo zote zilingane na viraka. Unga vile vipande vitatu kwa mshono wa hanamu ili unene usilundikane mahali pamoja, kunja utepe wote katikati kwa urefu, piga pasi. Kingo mbichi za utepe zilaze sawa na ukingo wa tandiko upande wa juu, anza katikati ya upande mmoja, shona kwa robo inchi.

Kwenye pembe fanya hivi. Ukibakisha robo inchi kufika mwisho, simama, kata uzi. Geuza tandiko. Kunja utepe kwenda juu, mbali nawe, mkunjo ukae hanamu. Kisha urudishe chini, mkunjo mpya ulingane na ukingo wa juu, na uanze kushona kutoka ukingoni kabisa. Ukiupindua utepe kwenda nyuma, pembe itajikunja yenyewe kama bahasha. Nyuma shona kwa mkono: sindano inyakue nyuzi mbili tatu za mgongo, ipite ndani ya mkunjo wa utepe, itoke, inyakue tena. Uzi usionekane.

Matumizi na utunzaji

Tandiko hili ni la mtoto kulalia tumbo akicheza, ukiwa unamwangalia. Mtoto asiyetimiza mwaka usimfunike nalo akilala, wala usimwachie kitandani, linaweza kumziba pumzi.

Pini na sindano zitoe zote siku ile ile. Hewa yetu ya chumvi huzipiga kutu, na doa la kutu kwenye leso nyeupe haliondoki kirahisi. Fua kwa maji baridi na sabuni kidogo, usilikamue kwa kulisokota, likande tu kwa taulo. Lianike kivulini penye upepo, jua la Mombasa la saa sita hula rangi. Kuhifadhi, litie kwenye foronya ya pamba na si kwenye mfuko wa plastiki, na kila mwezi likunjue, ulipungie hewa, ulikunje kwa mikunjo mingine.

Kabla hujalitoa kwa mwenyewe, chukua uzi wa rangi, na nyuma, kona ya chini, shona mwaka na herufi za jina lako. Ule mfarishi wangu wa kisutu, uliogeuka waridi, bado ninao, na kwenye kona yake nimeshona jina la bibi.